Gambuti Mlangoni mwa Banda

Nikiona waya umetokea dirishani mwa nyumba ukapita juu ya ua hadi kwenye banda la kuku, huwa nabisha hodi hata kama wenyewe siwajui. Nimeshafukuzwa mara nyingi. Kule Karatina mama mmoja aliniuliza kama nimetumwa na watu wa stima, nikamwambia nimetumwa na mama yangu. Hakucheka, wala mimi sikuwa nafanya mzaha.

Sisi tulipata stima miaka ya sabini, mapema kuliko majirani wengi wa upande wetu wa Nyeri, kwa sababu nguzo zilizokwenda kwenye kiwanda cha kahawa zilipita mpakani mwa shamba letu. Baba alikuwa dereva hapo kiwandani. Mafundi waliweka taa nyumbani, wakafanya kazi yao vizuri, wakaenda zao. Banda la ng'ombe halikuwamo katika mpango. Lilikuwa nyuma ya nyumba, ng'ambo ya bustani ya sukuma wiki, mabati juu na mabati pande zote. Mama alikuwa akikama humo kabla hakujapambazuka ili maziwa yawahi gari la ushirika barabarani. Alitumia koroboi ya mafuta ya taa, na moshi ulimwingia machoni hata akarudi jikoni akipenga kamasi nyeusi.

Baba hakuweza kulivumilia jambo hilo. Nalisema wazi kwa sababu watu wa kwetu husimulia kisa hiki kana kwamba alikuwa mtu mbaya. Alimpenda mama. Alinunua waya mwembamba, ule wa pasi, akaufunga kwenye vigingi vya ua, akatoboa ukuta wa banda kwa msumari na kuupitisha hapo. Balbu ilipowaka mama alisimama mlangoni akacheka, akasema kumbe ng'ombe wake ana kope ndefu hivi.

Kiangazi chote hapakuwa na neno. Mvua za masika zilipoanza, ng'ombe akagoma kuingia. Alikuwa ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mpole kupita kiasi, lakini sasa akifika mlangoni alikita miguu ya mbele na kutoa macho. Jirani yetu akasema kuna mtu amemtia jicho. Mama alikuwa mtu wa kanisa na hakutaka kusikia habari za jicho, kwa hiyo akasema ni kiburi tu, akamchapa.

Kisha mama mwenyewe akaanza kulalamika.

"Baba watoto, hii mabati inaniuma mkono," alisema asubuhi moja jikoni.

"Ati inauma? Inauma aje?"

"Kama siafu. Nikishika ukuta nikiwa ndani."

Baba hakumpuuza, na hilo nalo lazima niliseme. Aliweka kikombe chini, akavuka bustani, akashika ukuta wa banda kwa viganja vyote viwili. Nilimwona. Akashika hapa, akashika pale, akarudi.

"Mimi sisikii kitu. Ni baridi, mama watoto. Hata mimi vidole imekufa."

Na kweli baridi ya mlima asubuhi ile ilikuwa kali. Mama akakubali. Nyumba yetu ilikuwa na jozi moja tu ya gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na zilikuwa za baba. Alizivaa akitoka kitandani, akazivua akirudi kitandani. Mama alikama miguu mitupu kwenye matope, kama akina mama wote wa kijiji chetu. Tangu siku hiyo hakulalamika tena, ila nilimwona akitembea humo bandani bila kugusa kitu.

Asubuhi yenyewe, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nikichochea moto jikoni, baba akinywa chai. Ng'ombe aligoma tena. Tukamsikia mama akimbembeleza, kisha akatangulia ndani ili amvute kwa kamba. Nadhani aliteleza akajishikilia ukutani. Tulichosikia ni ndoo ikianguka. Baba alikimbia akiwa na gambuti zake miguuni, akamkumbatia, akamvuta nje, na yeye hakupatwa na lolote. Mama alikuwa ameshakufa. Ng'ombe alibaki amesimama mvuani na kamba yake shingoni, na ndani ya banda balbu ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Jioni, watu walipojaa uani, ng'ombe alianza kulia kwa kujaa maziwa. Hakuna aliyekuwa amemkumbuka. Nilimkama nje mvuani huku nikilia, nikapeleka maziwa jikoni, nayo yakapikiwa waombolezaji chai. Mimi sikuweza kuinywa.

Baada ya mazishi baba alimleta fundi kutoka mjini. Fundi alionyesha pale msumari ulipopita: kingo za mabati zilikuwa zimekata mpira wa waya, na shaba ilikuwa imelala juu ya bati.

"Banda yote ilikuwa na stima, mzee. Udongo ikikauka, haiumi sana. Ikilowa, inaua. Hii waya ilifaa ipite ndani ya paipu, na banda iwe na waya yake ya kushuka kwa udongo." Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Siku ulishika ukuta, ulikuwa umevaa nini kwa miguu?"

 Baba alichukua panga akataka kuukata waya papo hapo, fundi akamzuia mpaka azime swichi ya nyumbani. Kesho yake ng'ombe aliingia bandani mwenyewe.

Kazi ya kukama ikawa yangu, na koroboi ikarudi. Lakini kila asubuhi baba alifika kabla yangu. Alivua gambuti mlangoni, akaingia miguu mitupu kwenye matope yale ya baridi, akaweka kiganja ukutani, akasimama. Ndipo aliponiita. Alifanya hivyo mwaka mzima, kisha mwaka wa pili, na mimi nikanyamaza kwa heshima mpaka ikanishinda.

"Baba," nilimwambia, "stima ilikatwa. Hakuna kitu hapo."

"Najua," alisema, kiganja bado kiko ukutani. "Lakini mama yenu aliniambia, nikamwambia ni baridi."

Akatoka, akavaa gambuti zake, nikaingia kukama.