Manifodi ya Kupandia Mlima wa Kirando

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Fundi Mkuu alinipa tupa ya nusu duara na kipande cha alumini chenye matundu manne, akanionyesha pa kukaa karibu na dirisha, akasema, "Panua matundu hayo mpaka nikwambie basi." Ilikuwa asubuhi ya Juni, na anayeijua Sumbawanga anajua Juni yake. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na bado vidole vilikataa kukunja. Nilikuja kujua mchana kwamba nilichokuwa nachonga ni manifodi, nilipokiona kikifungwa kwenye injini.

Kwa vijana waliozoea magari ya kompyuta, ni vizuri nieleze. Zamani petroli ilichanganywa na hewa ndani ya kabureta. Kutoka hapo mchanganyiko ulipita kwenye mirija ya manifodi, ambayo ilizigawia silinda zote. Mirija ikiwa mipana, hewa nyingi hupita injini inapokimbia sana. Ikiwa myembamba, hewa hupita kwa kasi hata injini ikienda polepole, na ile kasi ndiyo inayobeba matone ya petroli yasianguke njiani. Kuchagua manifodi ni kuchagua kati ya hayo mawili. Huwezi kupata yote kwa ukamilifu.

Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kuchagua kabla sijazaliwa kikazi. "Injini ni kama mtu," alituambia. "Mnyime chakula atavumilia, mnyime pumzi atakufa." Kila manifodi iliyopita mikononi mwake iliongezwa upana. Madereva wa Laela na Namanyere walimfuata kwa sababu hiyo, na gari lililotoka kwake walilitambua kwa mlio. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, asiyependa kuulizwa swali mara mbili.

Nilianzia benchi la tupa, nikahamishiwa stoo, kisha benchi la kabureta. Sikusoma chuo. Nilijifunza kwa kuuliza na kwa kusoma vitabu vya ufundi jioni, kamusi ikiwa pembeni, ukurasa mmoja kwa muda mrefu. Nilikuwa bado kwenye benchi la kabureta lilipoletwa pikapu la Mama Theresia.

Mama Theresia alikuwa mwenyeji wa Kirando, chini kabisa ufukweni mwa ziwa. Alinunua dagaa wakavu pale na Kabwe, akawapandisha Sumbawanga, na kila Jumatatu alitakiwa kuwafikisha katika shule moja ya bweni. Pikapu lake lilikuwa na injini ya rota. Injini hiyo haina pistoni za kupanda na kushuka. Ina chuma chenye pembe tatu kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kwenye kila ncha ya rota kuna sili, kijiti chembamba cha chuma kinachoziba upenyo usivuje. Sili moja ikivunjika, nguvu ya injini imekwisha. Ni injini nyepesi na yenye nguvu, lakini hapa kwetu hakuna aliyeitaka, ndiyo maana yeye aliweza kuinunua.

"Shikamoo, Fundi," alisema siku hiyo, pikapu likiwa limevutwa kwa kamba na lori la mahindi.

"Marahaba, Mama Theresia. Limekufa tena?"

"Lenyewe halijafa. Limeniua mimi."

Ilikuwa mara ya pili sili kuvunjika. Mara ya kwanza tulifunga mpya, na Fundi Mkuu akaona nafasi ya kuiongezea injini pumzi. Alitoa manifodi ya asili, ambayo mirija yake ilikuwa mirefu, akafunga fupi na pana iliyotoka kwenye gari bovu la Tunduma, pamoja na kabureta kubwa zaidi. Gari likawa linafuka moshi mweusi. Akabadilisha jeti, yaani vile vitundu vya shaba vinavyopimia petroli, akaweka ndogo zaidi, moshi ukakoma. Tulilijaribu barabara ya kwenda Laela likaruka kama swala. Wiki chache baadaye ndiyo hilo limerudi kwa kamba.

Meneja wa Karakana alishuka kutoka ofisini. Alikuwa mtu mwema aliyependa mambo yaishe. "Mama, tukufungie injini ya kawaida, upumzike."

"Meneja, injini ya kawaida ina giaboksi yake, ina propela yake. Vyote hivyo mpaka vipatikane, shule imeshapata mtu mwingine. Wameniambia wazi. Nimechelewa Jumatatu mbili, ya tatu nisijisumbue kugonga geti."

Sili zilizobaki zilikuwa seti moja tu, na aliyetuuzia alisema hajui pa kupata nyingine. Kwa hiyo kila mtu pale alielewa: zikivunjika hizi, pikapu ni banda la kuku na biashara ya Mama Theresia na shule imekwisha.

Fundi Mkuu aliishika sili iliyovunjika, akaigeuzageuza. "Dereva wako analipiga mbio sana."

"Dereva ni mimi," alijibu Mama Theresia. "Na silipigi. Likiwa huku kwenu, halina ugonjwa. Nateremka Kirando, halina ugonjwa. Nikishapakia, nikaanza mlima, linaanza kumisi, linakatakata nguvu, halafu linalia kama kokoto kwenye kopo. Nyie mnalijaribu likiwa tupu, tambarare, Laela. Mimi Laela sina shughuli."

Vijana wa benchi la breki walicheka. Fundi Mkuu hakucheka. Aliniangalia mimi. "Wewe msoma vitabu, kokoto kwenye kopo ni nini?"

Nilimwambia nilichosoma: petroli ikiwa kidogo kuliko hewa, mchanganyiko hulipuka vibaya badala ya kuwaka, na mlipuko huo ndio unaovunja sili za rota. Nikaongeza kwamba hewa ya uwanda wetu ni nyepesi kwa sababu tuko juu, na ya ziwani ni nzito.

Alipangusa mikono kwa kitambaa ambacho hakikuwa na sehemu safi. Hitimisho alilifikia yeye, na nataka hilo lijulikane. "Kwa hiyo petroli nimeipimia hapa," alisema, "kwenye hewa ya hapa. Gari likifika chini hewa inaongezeka, petroli ni ileile. Halafu ndipo anapakia." Akamgeukia Mama Theresia. "Tumekuwa tunalipima linapolala. Linapofanyia kazi hatujawahi kufika."

Kilichofuata kilimgharimu zaidi. Ile manifodi pana ilieleza pia kumisi. Mlimani, na mzigo, pikapu lilipanda polepole. Katika mirija mipana hewa ikapungua kasi, petroli ikaanguka na kulowanisha kuta za mirija badala ya kufika kwenye rota. Tena ile fupi haikuwa na njia ya maji ya moto ambayo ya asili ilikuwa nayo, ya kupasha mirija petroli igeuke mvuke. Ilibidi kurudisha ya asili. Lakini ya asili ilipotolewa stoo tulikuta kwamba nayo alikwisha kuipitisha tupa, kwa mazoea tu, kabla hajaamua kuiacha.

"Nyama iliyokatwa hairudi kwenye ng'ombe," alisema Meneja.

"Ng'ombe huyu atarudishiwa," alisema Fundi Mkuu.

Alikata bomba la alumini, akalipeleka kwenye mashine ya kukereza, akatengeneza bushi nne, yaani vibomba vifupi vya kuingia ndani ya mirija na kuipunguza upana. Midomo ya bushi aliichonga mpaka ikawa myembamba kama ukucha ili hewa isijikwae. Kila bushi aliikaza kwa skrubu kutokea nje na kuziba kichwa chake, maana bushi ikichomoka, injini inaimeza. Kazi hiyo ilikuwa kinyume cha yote aliyotufundisha. Fundi mmoja wa breki alipita akasema, "Fundi, leo unaminya pumzi ya mtu?" Akajibiwa bila kuinuliwa uso, "Nampunguzia mdomo. Alikuwa anaongea sana hafanyi kazi."

Injini ilipofungwa tuliteremka Kirando sisi watatu, Mama Theresia akiendesha, jeti za ukubwa mbalimbali zikiwa kwenye kopo la kahawa mapajani mwangu. Tulilipakia magunia yote ya kawaida, pale ufukweni, kati ya vichanja vya dagaa. Akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa walitushangilia. "Theresia, leo umekuja na daktari na nesi wake!"

Tulipanda kipande cha mlima, tukasimama, tukafungua plagi. Ncha zilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya njaa ya petroli. Tukaongeza jeti, tukarudi chini, tukapanda tena. Safari hiyo zilikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu, na ndiyo rangi tuliyoitafuta. Lile pikapu likapanda kwa gia ya pili bila kumisi, bila kokoto. Mama Theresia aliendesha moja kwa moja mpaka Namanyere. Pale alisimamisha gari, akanunua mahindi ya kuchoma, akatupa sisi kabla ya kujichukulia lake.

Lakini tulipoingia Sumbawanga moshi mweusi ulirudi. Petroli iliyotosha ziwani ilizidi huku juu. Nilimuuliza Fundi Mkuu kama tupunguze kidogo, tupate cha katikati, maana watu wataona gari limetoka kwetu likifuka.

"Acha lifuke," alisema. "Moshi haujawahi kuvunja sili."

Jumatatu hiyo dagaa walifika shuleni, na Jumatatu zilizofuata. Zile sili hazikuvunjika tena. Zilichakaa taratibu, kwa uzee, na zilipokwisha Mama Theresia alikuwa na gari jingine.

Sasa nami nimestaafu, baada ya kumaliza nikiwa msimamizi wa karakana. Kabureta zimekwisha, na kompyuta ya gari hujipimia hewa yenyewe, juu na chini. Sisikitiki. Ila nimewaona vijana hodari wakitengeneza kitu vizuri kwa ajili ya mahali wanaposimama wao, na swali nililowauliza mpaka siku ya mwisho lilikuwa moja: linafanyia kazi wapi?

Fundi Mkuu alistaafu miaka mingi kabla yangu. Siku yake ya mwisho tulisimama naye getini, na pikapu la Mama Theresia, wakati huo bado lilelile la rota, likapita kuelekea shuleni, limejaa, likiacha wingu la moshi mweusi nyuma yake. Madereva waliokuwa wakisubiri magari yao walicheka. Mmoja, mgeni wa pale, akauliza kwa sauti, "Hilo nalo ni la fundi gani?"

Fundi Mkuu alingoja mpaka likakata kona.

"Langu," alisema.