Kaa Namba Tisa

Ilianza Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, kwenye maabara ya shule yetu hapa Kitui. Mwalimu wa Biolojia alifungua kasha la barafu lililotoka Mombasa kwa basi, na Fomu Tatu nzima tukaziba pua. Ndani mlikuwa na kaa ishirini, kila mmoja amefungwa uzi wenye namba. Wengi wetu tulikuwa tumewaona kitabuni tu.

Kazi ilikuwa rahisi. Mgeuze kaa, tazama kifuniko cha tumbo. Kikiwa chembamba, ni dume. Kikiwa kipana, ni jike. Jedwali lilikuwa na safu mbili basi.

Wetu, mimi na mwenzangu wa meza, alikuwa namba tisa. Kifuniko chake hakikuwa chembamba, na kipana pia hakikuwa. Nilipokiinua niliona vijiti viwili vya dume, na kando yake vinyoya laini ambavyo jike hushikia mayai.

"Huyu ni wote wawili," nilisema, kwa sauti ya chini sana.

"Ati?" mwenzangu akauliza.

"Kama mbuzi wa susu."

Susu, nyanya yangu wa Matinyani, alikuwa na mbuzi jike aliyepanda wenzake kama beberu na hakuwahi kuzaa. Yeye hakushangaa. Alisema wa namna hiyo wako, wamekuwako siku zote.

"Wewe na mbuzi zenu! Hiyo imepondeka kwenye basi. Andika ni ya kiume twende, mikono inanuka," mwenzangu akasema.

Nikaandika dume. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kuinua mkono darasa zima linigeukie.

Mwalimu alipokwisha kukusanya majedwali ndipo alipotuambia kaa wale walitumwa na rafiki yake, anayefanya kazi na akina mama wanaovua karibu na mtaro wa maji taka wa Mombasa. Akina mama hao walikuwa wameona kaa wa ajabu, si dume si jike. Wengine wanashuku maji machafu, wengine rangi inayopakwa meli, wengine kimelea kinachoingia mwilini mwa kaa. Hakuna mwenye uhakika.

"Lakini hawa wetu ishirini wako sawa," alisema. "Kesho saa nne nitampigia nimwambie."

Watu wangeambiwa maji yao hayana neno kwa sababu mimi naona aibu kuongea. Usiku, wakati wa prepu ya kujisomea, nilisoma ukurasa mmoja mara nne. Sijui kama ni maji yaliyomfanya namba tisa awe vile. Labda alizaliwa tu hivyo, kama yule mbuzi. Lakini kujua si kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kuandika nilichoona.

Asubuhi, kabla ya paredi, nilikwenda kwenye shimo la takataka nyuma ya jikoni, kaa walikotupwa baada ya somo. Bawabu alikuwa ameshika kiberiti, tayari kuchoma taka.

"We msichana, umepoteza nini huko?"

"Kaa."

"Kitoweo, na chai haijaiva bado!"

Alicheka, lakini alinisubiri. Nilimpata chini ya maganda ya viazi, uzi bado mguuni. Nikambeba kwa karatasi mpaka ofisi ya walimu.

"Mwalimu, namba tisa si dume tu, ni wote wawili. Niliandika uongo."

Alimgeuza, akainua kifuniko. Kisha akampigia rafiki yake hapo hapo na kuninyooshea simu.

"Mwambie wewe. Ndiwe uliyemwona."

Nilianza na vijiti viwili, halafu nikaeleza vinyoya.