Chaki ya Madame Fidélie

Madame Fidélie alizaliwa Panda, katika kambi ya wafanyakazi ambako nyumba zilipangwa mistari kama wanafunzi. Kwa miaka ishirini na miwili amefundisha Kikula, ambako kila nyumba ilijipanga yenyewe. Anapenda pande zote mbili za mji, jambo ambalo si rahisi.

Septemba hii mji ulitaka kuchimba mfereji wa maji ya mvua. Ramani ya ofisini iliupitisha kwenye avenue kubwa, kwa kuwa avenue ilipendeza kwenye karatasi. Maji, ambayo hayajawahi kuiona ramani hiyo, hupita kijia cha nyuma na kuishia darasani kwa Fidélie. Mfereji ungechimbwa kule, mvua ijayo ingeingia darasani kama kawaida yake.

Fidélie aliomba watoto wa darasa lake waulizwe maji hupita wapi. Injinia Bertin, kijana mpole mwenye viatu safi, alimjibu kwamba watoto wangekaribishwa kuimba mwisho wa mkutano wa wakazi kuhusu mfereji.

Basi akawagawia chaki. Kila mtoto alichora mstari kwenye ukuta wa nyumba za kijia, pale maji yalipofika mwezi wa Machi. Hakuna aliyehitaji kufikiri. Shekina, mmoja wao, siku ya mafuriko yale alibeba viatu kichwani. Jioni kijia kizima kilikuwa na mistari arobaini na saba.

Asubuhi yake haukubaki hata mmoja. Kikula, mtu akichora ukuta wako bila kubisha hodi, ujue anakuja kubomoa. Akina mama walikuwa wamesugua kwa sabuni kabla hata ya kuwasha makaa.

Injinia, aliyeitwa na Fidélie kuja kuona mistari, alifika, akatazama, akafunga daftari kwa upole.

Elikia, msichana wa miaka kumi wa darasa la Fidélie, ndiye aliyeonyesha mahali paliposuguliwa, akasema: "Ingénieur, angalia fasi balisugua."

Tangu mvua ikome kuta zilikuwa zimevaa vumbi jekundu. Pale palipooshwa paling'aa, nyumba baada ya nyumba, kama mkanda ulioteremka hadi mlango wa shule. Chaki isingeonekana hivyo.

Injinia alimuuliza mama mmoja kama maji yalifika kweli pale.

"Minye nilifuta tu fasi batoto balichora," mama akajitetea. "Na balichora muzuri. Maji ilifika apo apo."

Injinia akatoa futi yake ya kupimia, akapiga magoti vumbini.

Mfereji sasa umechorwa upya, umepinda kama kijia chenyewe. Mkutanoni watoto waliimba mwishoni, maana programu ilisema hivyo. Kabla ya wimbo, Elikia alisoma vipimo vyote arobaini na saba vya injinia, na Fidélie hakumruhusu mtu yeyote kutoka.