Joto la Mpangaji

Asubuhi ile Mama Pini aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida. Akabandika chai, akapiga magoti mbele ya kasha la kioo lililokuwa karibu na cherehani. Akalaza mgongo wa mkono wake kwenye sakafu ya kasha, pale mjusi wao alipopenda kulalia tumbo, kisha akasoma kipimajoto kilichobandikwa hapo hapo chini. Alipoinuka alimwekea mumewe mkono ule ule kwenye paji la uso.

"Yeye thelathini na mbili," alisema. "Wewe kama thelathini na saba hivi. Wote wazima. Amka."

Mzee akaamka. Akiwa na kikombe mkononi aliutazama upande wa pili wa kasha, usiokuwa na mkeka wa umeme wa kupasha joto chini yake, akauliza kwa nini na huko kusiwashwe, maana mnyama wa watu atapigwa baridi. Mkewe akamjibu. Mzee hakuona kama ni jibu la kuweka moyoni. Akaomba sukari.

Jioni moyo wa Mama Pini ulisimama akiwa anakata suruali ya mteja. Mguu mmoja ulikuwa tayari.

Jina la Mama Pini alilipata kwa sababu pini alizishika kwa midomo, na kwa miaka mingi akazoea kuzungumza kwa upande mmoja wa mdomo, hata siku ambazo hakuwa na pini. Alishona sare za shule, mapazia, na magauni ya wanawake walioapa kwamba hawajanenepa. Hakubishana nao. Aliongeza kitambaa kiunoni kimya kimya, wao wakaja kumsifu kwa kukumbuka vipimo vyao.

Mumewe alikuwa mpiga pasi kwa dobi tangu ujana mpaka kiuno kilipogoma. Shule hakwenda, tarakimu alijifundisha kwenye namba za nguo za wateja. Nyumbani mmoja alishona, mwingine akanyoosha. Maneno hayakuhitajika sana.

Mjusi aliletwa na mteja aliyekuja kuchukua suti ya safari. Alikuwa mjusi wa manjano, mwenye madoa kama ya chui na mkia mnene ambamo huweka akiba yake ya mafuta. Mteja aliomba atunziwe kwa muda mfupi. Akaeleza kwamba upande mmoja wa sakafu uwe nyuzi thelathini na moja mpaka thelathini na tatu, upande wa pili ishirini na tano hivi, na usiku zikishuka kidogo si neno. Huyu haoti jua, alisema. Hupasha tumbo kwa chini, ndipo chakula kinasagika. Suti ilimkaa vizuri mno. Hakurudi.

Jirani wa mlango wa pili alipomwona mjusi kwa mara ya kwanza alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shoga, hiki ni kitoweo au ni mtoto?"

"Mpangaji," Mama Pini alijibu.

"Analipa?"

"Halipi. Lakini hapigi muziki usiku, na hasemi watu."

Jirani alielewa kwamba la pili lilikuwa lake. Alicheka, akaingia, akakaa mbali na kioo. Toka siku hiyo mjusi akaitwa Mpangaji.

Basi baada ya mazishi watu walikunja mikeka wakaondoka, na mzee akabaki na cherehani, suruali ya mguu mmoja, na Mpangaji. Binti yao, anayesimamia duka la rangi mjini, alitaka kumchukua mjusi siku ile ile.

"Baba, huyu utamweza? Kuna bwana mmoja anafuga wa aina hii. Nimpelekee."

"Namweza," mzee alisema.

Alijua joto. Kazi yake yote ilikuwa joto. Hariri ina lake, pamba ina lake, na pasi ya jinzi ukiigusa utamtaja mama yako. Kitu kimoja tu hakikumpendeza. Kipimajoto kilikuwa chini, na kiuno chake hakikutaka habari za kupiga magoti. Akakibandua, akakibandika juu ya kioo, sawa na macho yake. Kikasoma ishirini na nane. Mzee akasikitika. Kumbe mnyama alikuwa anaganda bila kusema. Akazungusha swichi ya mkeka. Akazungusha tena, mpaka kule juu kukasoma thelathini na mbili, kama alivyosema marehemu. Akarudi kwenye kiti ameridhika.

Mpangaji alihamia upande wa pili. Akaingia kwenye kisahani cha maji, akakaa humo. Mzee alimwekea funza wa unga, asile. Asubuhi funza walikuwa bado wanatembea na Mpangaji yuko majini, anatazama ukuta. Mkia ukaanza kunywea. Mzee akaona labda ni msiba. Mwenyewe naye hakuwa anakula, kwa hiyo hakumlaumu. Akaongeza joto kidogo.

Jirani alichungulia. "Huyu anamfuata mwenzako," alisema, akatamani asingesema.

Binti alikuja na boksi alilolitoboa matundu kwa bisbisi. Aliutazama mkia, akamtazama baba yake, mashavu yamebonyea vile vile.

"Leo namchukua, baba. Usinikasirikie."

"Mchukue. Ila nimtoe mimi."

Akashika ukingo wa meza, akashusha goti moja, likalia, akashusha la pili. Hakuwahi kukiona kile kioo kutoka kule chini. Alipoingiza mkono, kiganja kiliegemea sakafu ya upande wa joto. Akakirudisha mbio.

"Hii ni pasi ya jinzi," alisema.

Kutoka pale chini akakitazama kipimajoto kilivyokaa juu. Kisha akaomba apewe kipimajoto. Binti akakibandua juu ya kioo, mzee akakibandika chini, mahali ambapo gundi ya zamani ilikuwa imeacha alama. Namba zikapanda mpaka arobaini na sita.

"Nilikuwa napima hewa," mzee alisema. "Yeye analalia tumbo."

Akarudisha swichi. Binti akaweka boksi chini, akabandika chai, kwa sababu sakafu hupoa taratibu na hakukuwa na jambo jingine la kufanya. Mzee hakuinuka. Alisema ni kwa ajili ya namba, lakini pia kuinuka kulikuwa kazi. Zilipotulia kwenye thelathini na mbili akalaza mgongo wa mkono pale, akatikisa kichwa kukubali.

Giza lilipoanza kuingia Mpangaji alitoka majini. Akavuka kasha kama mtu anayekwenda kudai haki yake, akalaza tumbo upande wa joto. Baadaye akala funza, na wa pili. Mzee akaomba mkate.

Binti alilisukuma boksi chini ya cherehani kwa mguu. "Haya, abaki. Lakini baba, huku kwingine mbona baridi? Nimnunulie mkeka wa pili?"

Mzee alitafuna kwanza. Kisha, kwa upande mmoja wa mdomo, akampa bintiye jibu alilopewa na marehemu asubuhi ile ya mwisho, kama lilivyokuwa:

"Mwache, ana miguu minne. Baridi ikimchosha atahamia kwenye joto, joto likimchosha atarudi. Wewe kunywa chai."