Kura za Maharagwe, Kitisuru

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, Kitisuru, nachambua maharagwe. Umande ulikuwa bado kwenye nyasi, na mtunza bustani alikuwa akipiga mluzi nyuma ya ua. Meupe nilitia bakuli moja, mekundu bakuli lingine. Hayakuwa ya kupika. Yalikuwa ya kupigia kura.

Waajiri wangu walikuwa Wamarekani. Kila Alhamisi bwana alialika wenzake, watu wa mabenki na maofisi ya mjini, waje wale, wanywe, halafu wabishane juu ya vita vyao vya Vietnam. Swali lilikuwa lile lile kila wiki: askari warudishwe nyumbani, au wabaki huko? Wakichoka kubishana, bakuli lilizungushwa limefunikwa kitambaa. Anayetaka wabaki anatia punje nyeupe. Anayetaka warudi, nyekundu. Bwana anafunua, wanacheka, wananywa kahawa. Mchezo wa watu wazima wenye mvi.

Kiingereza sikukisomea. Nilikiokota nyuma ya viti vyao nikiwa na sinia mkononi, na nilichokisikia kilitosha kunichefua. Neno walilolipenda lilikuwa heshima. Askari wakiondoka sasa, heshima itapotea. Mume wangu Mutiso alikuwa askari. Alikufa kaskazini, wakati wa vita vya mashifta, wale waasi wa mpakani, nikaletewa sanduku limepigiliwa misumari, nikaambiwa nisilifungue. Heshima sikuiona, si ndani wala nje.

Mtoto wao Dani nilimlea mimi, mpishi na yaya kwa pamoja. Alikuja Nairobi bado anavaa kaptura, na Kiswahili alijifunzia jikoni kwangu, pamoja na matusi kidogo ya Kikamba. Alipokua akaenda kusoma kwao, wakamtia jeshini. Sasa alikuwa amekuja likizo, halafu arudi vitani.

Alikuja akaegemea mlango.

"Yaya, hayo ni ya nini?"

"Muulize baba yako."

"Nakuuliza wewe."

"Ni ya kukuamulia wewe urudi au ukae."

Alicheka. Hapo ndipo helikopta ilipotokea juu ya miti.

Sijui Dani alinifikiaje.

Nilijikuta chini, uso kwenye matope ya mfereji wa kando ya ngazi, Dani juu yangu, kiganja chake kimenishika kisogo.

"Usiinuke."

Sikuinuka.

Aliita majina mawili ya watu nisiowajua.

Helikopta ikaenda zake upande wa Limuru. Mtunza bustani alikuwa ameacha mluzi.

Maharagwe yote yalimwagika, meupe na mekundu pamoja. Dani alipiga magoti akaanza kuyaokota. Hakunitazama.

"Sitaki kurudi huko, Yaya."

"Umemwambia baba yako?"

"Anasema watu watamuuliza kwa nini sikurudi."

"Watu gani? Hawa wa Alhamisi?"

Akaendelea kuokota. Nikamwambia nina chumba Riruta, aje akae kwangu, nani atamtafuta kule?

"Mzungu Riruta? Hata kuku watanitangaza."

"Basi sema mezani leo, wakiwa wote. Wamwone anayezungumziwa."

Akakubali. Nilimpangusa matope usoni kwa aproni yangu, kama zamani.

Mezani yule mnene wa benki ndiye aliyeanza, kama kawaida yake. Alisema yuko tayari wabaki huko hata miaka kumi, huku akijiongezea mchuzi. Mwingine alisema waondoke, lakini polepole, kwa mpango. Mpango gani? Mpango mzuri. Wakaendelea hivyo mpaka nyama ikaisha.

"Naomba niseme," Dani alisema.

"Baadaye, mwanangu," baba yake akamjibu.

Bakuli likaanza kuzunguka. Lilipomfikia, Dani akanyoosha mkono. Baba yake akalivuta.

"Wewe hapana. Uko karibu mno na jambo lenyewe, huwezi kuliamua kwa haki."

Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mama yake alikuwa anatazama sahani. Dani aliushusha mkono wake, akauweka juu ya paja kama mtoto aliyekatazwa peremende.

Niliweka sinia chini. Nilikuwa na mekundu yaliyobaki mfukoni mwa aproni. Nikayatoa konzi nzima, nikayamwaga ndani ya bakuli.

"Hizi ni kura zake," nikasema.

Wakaangua kicheko, yule wa benki akapiga meza. "Hata mpishi ana siasa!"

Bwana peke yake hakucheka. "Rudi jikoni."

Likizo ilipokwisha, Dani akarudi vitani.

Habari ya kifo chake ilifika mchana, napiga pasi. Alhamisi iliyofuata wageni walikuja na maua. Nilidhani hata wao watakuwa na haya. Lakini walipomaliza kula, bwana aliniambia nilete bakuli. Nililileta. Safari hii hakuna aliyebishana. Kitambaa kilipoondolewa, punje zote zilikuwa nyekundu.

Yule wa benki alilia machozi. Sikumhurumia, na mpaka leo simhurumii. Zile nyekundu zilikuwa mbele yake kila Alhamisi.

Baadaye memsahibu, mama yake Dani, alinifuata jikoni.

"Yaya, siku ile ulipomwaga yako... nilipaswa nami kutia nyekundu."

"Ulitia ipi?"

Alichukua kitambaa, akaanza kufuta sahani iliyokwisha kukauka. Niliendelea kuosha vyombo.

Waliondoka Nairobi mwaka ule ule. Dani alizikwa kwao, mahali ambapo sitafika. Mutiso nilimzika bila kumwona. Hao ndio wangu wawili, na kila mmoja aliamuliwa na watu walioshiba.

Vita vyenyewe viliendelea miaka mingine, mpaka siku moja redio ikatangaza kwamba askari wa Marekani wameondoka. Nilikuwa mlangoni kwangu, Riruta. Jirani yangu, Mama Syombua, akapaza sauti kutoka kwake.

"Mbithe! Umesikia? Wamewarudisha watoto wa watu!"

"Nimesikia."

"Na husikii raha?"

"Nasikia redio," nikamwambia, nikainamia ungo wangu kuchambua maharagwe. Haya yalikuwa ya kupika.