Kompyuta ya Apolonia Ilipofanywa Jumbe

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, Apolonia alikuwa akiipiga kompyuta yake makofi ya kisogoni. Si kwa hasira. Humo ndani alihamia mjusi mpenda joto, na Apolonia hakutaka kuanza kazi kwa kuchoma mgeni. Akisikia kwaruu, akiona mkia unapotelea dirishani, ndipo anabonyeza swichi. Halafu anakunja kanga na kuitandika juu ya kiti, maana kiti kile kilikuwa na msumari wenye chuki binafsi, anakaa, anaanza kuchapa kama mvua juu ya bati.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja na stoo, Lindi mjini, karibu na stendi. Ilikuwa mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kila mwenye mdomo alikuwa na hotuba ya kuchapwa. Mwenye ofisi alikuwa Yassini, mtu wa Kinjumbi, mnene, mpole. Kompyuta zake tatu alizinunua mnadani, kwenye mradi wa wafadhili uliokuja kuwafundisha watu wa kusini kulima korosho, ukawakuta wanalima, ukafungasha.

Wachapaji walikuwa watatu. Shamimu, ambaye mazungumzo yake yote aliyafanya kwa nyusi. Josephat, Mmakonde wa kule juu uwandani. Na Apolonia mwenyewe, Mmwera wa Mtama. Sasa Mmakonde na Mmwera ni watani, na mtani ni balaa lenye kibali. Atakuita mwizi mbele ya padri. Atakunywea chai yako. Atakuja msibani kwako alale kaburini mpaka apewe chochote, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Josephat na Apolonia walikuwa wakitukanana tangu ofisi inafunguliwa mpaka inafungwa, na walipendana sana.

Apolonia alijifunza kuchapa kwa masista, kwenye taipureta, mikono imefunikwa kitambaa asizione herufi. Aliwahi kuolewa, kisha akawa hajaolewa. Nani alimwacha nani, inategemea pale Mtama umeuliza nyumba ipi. Alipokuja Lindi alifikia kwa shangazi yake, nyumba iliyojaa kama gunia la dagaa. Kitanda zamu, bafu zamu, hata kioo cha kujitazama zamu. Kwa hiyo alipopewa ile kompyuta na kile kiti, msumari na yote, hakupewa kazi tu. Alipewa mahali. Kilikuwa kitu cha kwanza duniani ambacho mtu mwingine hakukikalia. Yassini mwenyewe, bosi, alikuwa akisema hodi kabla ya kuigusa.

Tena kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa mpya na yenye nguvu kuliko zote tatu, na hilo ndilo lililomponza.

Taabu ilianza na printa. Ilikuwa moja, imefungwa kwenye kompyuta ya Apolonia. Wengine wakimaliza kazi wanaitia kwenye disketi na kuja kusimama nyuma yake. Josephat alisimama na disketi yake mkononi kama mgonjwa mwenye kopo la mkojo maabara. Na disketi zenyewe, kwa unyevu wa Lindi, ziliota ukungu. Yassini akachoka, akamwita fundi kutoka Dar, kijana mmoja anaitwa Evaristo, aunganishe mashine zote ziwe zinaongea.

Evaristo alikuja na waya mweusi kama wa antena ya televisheni, na programu mbili ndani ya maboksi mawili.

"Mnaweza kuchukua moja tu," akasema. "Jaribuni zote. Mimi nakwenda Mtwara, nikirudi naondoka na mtakayoikataa."

"Tofauti yake?" Yassini akauliza.

"Hii ya kwanza, mashine moja inakuwa kubwa. Inatunza kazi za wote, inagawa printa, inajua nani kaingia na nani katoka. Kila mtu ana neno lake la siri, haoni cha mwenzake."

"Na anayekalia hiyo kubwa anafanya nini?" Apolonia akadakia.

"Haikaliwi, dada. Ikishakuwa kubwa haichapi tena."

"Kama jumbe wa enzi za mkoloni," Josephat akasema. "Ushuru anakula, jembe hashiki."

"Na ya pili?"

"Ya pili haina mkubwa. Kila mashine inachapa, na kila moja inamfungulia mlango mwenzake. Leo unaomba chumvi kwa jirani, kesho jirani anaomba moto kwako. Ila inakula kumbukumbu ya kila mashine, mtaona zinachokachoka. Na mlango ukiwa wazi, uko wazi kweli."

Basi kuanzia hapo programu zile majina yao ya kwenye boksi yakasahauliwa. Moja ikaitwa Jumbe, nyingine Majirani.

"Tukichukua Jumbe," Yassini akauliza, "mashine gani inakuwa kubwa?"

Evaristo alinyoosha mdomo tu kuelekea kwa Apolonia.

Watu watatu, mashine mbili. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Wakaanza na Jumbe. Kusema kweli, alifanya kazi vizuri, na ndicho kilichomuudhi Apolonia. Karatasi zilitoka bila foleni. Mgombea mmoja na mpinzani wake walichapiwa hotuba chumba kimoja, na maneno yao hayakukutana. Kasoro ilikuwa moja: Josephat alisahau neno lake la siri, akashinda nusu siku anabisha hodi kwenye kazi yake mwenyewe. Kompyuta ya Apolonia ilibaki giza tupu, na juu ya giza mdudu mmoja kama jongoo anatambaa huku na huko. Kazi zikiwa nyingi jongoo anarefuka, zikipungua anafupika. Apolonia aliwekwa kwenye stuli, kupokezana mashine na Shamimu.

"Jongoo anashinda anatembea, mimi nashinda nimekaa," akalalamika. "Bosi, nani kaajiriwa hapa?"

"Ni majaribio tu," Yassini akasema.

Ikaja zamu ya Majirani, na Apolonia akarudi kitini kwake kama mwali anatolewa. Sasa akafanya kampeni kuliko wale wagombea. Ni kweli mashine zilichoka. Josephat akichapisha, herufi za Apolonia zilisimama kwanza, halafu zikatoka zote kwa mkupuo kama watoto wametoka shule. Shamimu akanyanyua nyusi.

"Haichelewi hiyo," Apolonia akamwambia. "Inatafakari."

Lakini wote watatu walikuwa wanachapa, na wateja hawakai kungoja. Yassini akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Siku moja kabla Evaristo hajarudi, akasimama katikati ya chumba, mikono juu ya tumbo.

"Naona tutabaki na Majirani. Jumbe akale ushuru kwingine."

Apolonia nusura ambusu printa.

Ingeishia hapo. Lakini mlango ulikuwa wazi, na ndani ya nyumba mlikuwa na watani.

Josephat, amekaa kitini kwake, aliingia kwenye mashine ya Apolonia, akakuta mtihani wa shule fulani anaouchapa mwenzake. Akaongeza swali mwishoni: *Eleza kwa nini Mmwera akiona panya husema kitoweo kinakimbia.* Apolonia aliliona karatasi ilipotoka. Akalisoma kwa sauti, wakacheka, hata Shamimu akatoa sauti. Mtu mwenye akili angefuta akaendelea na kazi. Lakini utani haulazwi. Ukiulaza kesho watasema Wamwera wameshindwa, na habari itafika Mtama kabla ya basi.

Akaingia kwa Josephat. Akakuta kadi ya harusi ya binti wa Mwalimu Valerian, mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa suruali ya mkunjo. Chini kabisa, baada ya "Karibuni sana", Apolonia akaandika: *Upande wa bwana harusi mje na panya wenu, wa bibi harusi ni wa kuhesabu.* Akakaa kusubiri Josephat apige kelele.

Josephat hakupiga kelele. Kadi ile alikwisha kuisoma asubuhi akaridhika, kwa hiyo hakuisoma tena. Alibonyeza, akatoka kwenda kunywa chai. Apolonia naye akaitwa dirishani na mteja mwenye barua ndefu ya kushitaki shemeji yake. Printa ikatema kadi, Shamimu akazikata, akazitia kwenye bahasha bila kusoma, maana aliambiwa akate, hakuambiwa asome. Mtoto wa mwalimu akaja akazichukua.

Kesho yake Evaristo yuko pale, boksi la Jumbe kwapani, ndipo akaingia Mwalimu Valerian.

"Shikamoo, mwalimu," wakamwamkia wote.

"Marahaba. Mmwera humu ndani ni nani?"

Josephat akaonyesha kwa mikono miwili.

"Binti," mwalimu akasema, "mimi ni Mmakonde. Wewe mtani wangu. Nimesoma, nimecheka mpaka mama watoto akadhani nimepaliwa. Kwangu hakuna neno."

Apolonia akaanza kupumua.

"Lakini wakwe zangu ni watu wa Bukoba, wanaofanya kazi hapahapa mjini. Wamemtuma mshenga aje kuuliza: hao panya ni mahari mmeongeza, au ni tusi? Nimwambie nini? Wewe ni mtani wangu mimi. Huna utani na wakwe zangu."

Aliweka bahasha mezani, akataka kadi mpya, akaenda zake.

"Bosi," Apolonia akasema, "nimekosa mimi. Haikukosa programu."

"Na mimi ndiye nilianza," Josephat akaongeza. "Mtani akikurushia, unarudisha. Angefanyaje?"

"Hapo ndipo penyewe," Yassini akasema, kwa upole uleule. "Majirani ni programu nzuri. Nzuri kwa watu wasio na watani. Nyie mkifunguliwa mlango mnaingia na ngoma. Evaristo, nirudishie Jumbe."

Wakaibeba kompyuta ya Apolonia mpaka stoo, kati ya fagio na mabunda ya karatasi, kwa sababu Evaristo alisema kubwa haitakiwi kuguswaguswa.

"Hufukuzwi," Yassini akamwambia. "Utaiwasha asubuhi, utafuta vumbi, utafunga mlango. Na za kuchapia mtapokezana."

Kupokezana. Apolonia akalitafuna neno lile, akalimeza.

Akawa anakaa stoo anamtazama jongoo. Josephat alimpelekea chai, akamwita mlinzi wa wadudu, akamwita bibi jumbe, akamwambia Wamwera wote wanafaa kukaa stoo. Hakujibiwa. Ndipo akaogopa, maana mtani asiyejibu ama amekufa, ama amekwisha kuondoka moyoni.

"Dada Apo, nitukane basi," akambembeleza. "Hata kidogo."

"Leo sina," Apolonia akasema.

Asubuhi moja kazi zilikuwa nyingi, jongoo amerefuka mpaka anajikanyaga. Nje Josephat na Shamimu wanachapa, zamu ya Apolonia bado. Akainuka, akafunga mlango wa stoo kama alivyoagizwa, akamwachia Yassini ufunguo mezani.

"Unakwenda wapi?"

"Natoka nje mara moja."

Maneno hayo, akiyasema mwanamke wa heshima, hakuna bosi wa kuuliza zaidi. Choo kilikuwa nyuma ya ofisi, upande wa kushoto. Apolonia akapinda kulia. Akapita muuza mihogo, akamwamkia, akafika stendi.

"Mama, wapi?" kondakta akamuuliza.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nangurukuru."

"Basi hukohuko."

Akapanda, akakaa dirishani. Bwana mmoja mwenye begi akamwomba wabadilishane viti, na Apolonia akamwambia hapana.