Vrasidas Hajayeyuka

Kilichoonekana kwanza ni tai. Tai ya buluu, imekaa shingoni vizuri kama ya mtu anayewahi kazini. Luan, mchimba kaburi, aliipangusa udongo kwa kidole, akatazama kilichokuwa juu yake, akaacha. Akatoka shimoni, akakaa pembeni na kuwapa watu mgongo.

Garufalia alikuwa ameshika beseni, chupa ya divai na kitambaa cheupe. Alikuja kuosha mifupa ya mumewe. Akasogea, akachungulia. Hakukuwa na mifupa. Alikuwepo mumewe.

"Hajayeyuka," wifi yake Evdoksia akasema, taratibu, kama anamsomea mtu majibu ya hospitali. Akapiga ishara ya msalaba. Wanawake wengine nao wakapiga, huku wakirudi nyuma.

Pale Petroneri, kijiji cha Ugiriki, makaburi yamebanwa kati ya kanisa na korongo, na nafasi ni ya kugombania. Ukizikwa unalala miaka mitano, halafu unafukuliwa. Mifupa yako inaoshwa kwa divai, inawekwa kwenye sanduku la bati, unahamia nyumba ya mifupa nyuma ya kanisa ukakae na wenzako. Mifupa ikitoka ya njano kama nta, watu wanasema marehemu alikuwa mtu mwema. Ikitoka myeusi, watu wanaanza kuzungumzia mvua. Ukitoka mzima na tai yako, hakuna cha kuzungumzia. Ardhi imekukataa, basi. Kuna laana moja ambayo hata walevi wa kijiji kile wanaiogopa mdomoni: usiyeyuke.

Sasa, huyu Vrasidas alikuwa fundi wa nguzo za umeme, na hakuamini Mungu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Jumapili alimsindikiza mkewe hadi kanisani, yeye akakaa nje ukutani na sigara, akamngoja. Taa za kanisa alizifunga yeye, bure. Padri alipomuuliza lini ataingia kuona zinavyowaka, alijibu, "Baba, mimi na Mungu hatujagombana. Hatujatambulishwa tu."

Garufalia ndiye aliyekuwa anaoka mkate wa altare. Kila Jumamosi unga, chachu, muhuri wa mbao wenye msalaba, na wakati wa kukanda mdomo wake haukutoa ila sala. Vrasidas akiingia jikoni saa hiyo anatembea kwa ncha za vidole. Taa ya mafuta mbele ya picha za watakatifu aliiwasha mke. Mafuta alileta mume. Waliishi hivyo tangu ujanani, na kama mnataka kujua watu wa imani tofauti wanaishije bila kutoana macho, ilikuwa hivyo tu. Hapakuwa na mkutano wala semina. Mmoja anatembea kwa ncha za vidole, mwingine hamuulizi mwenzake maswali ya Jumapili.

Kisha binti yao Malamo akaugua ugonjwa wa damu. Mama akataka apelekwe kwenye monasteri ya mlimani, akabusu masalia ya mtakatifu. Baba akampeleka Athene kwa madaktari. Malamo akafia Athene, ana miaka kumi na tisa, na tangu hapo kila mmoja akabaki na kitu ambacho hawezi kumwambia mwenzake. Siku ya arobaini, baada ya misa, walipogawa ngano ya wafu iliyopikwa kwa sukari na komamanga, Vrasidas alikataa kunyoosha mkono. Akasema mbele ya watu, "Ngano hairudishi mtoto."

Nyumbani, Garufalia akavua kitambaa cheusi kichwani, akamtazama mumewe usoni. "Na usiyeyuke," akamwambia.

Ulimi hauna mfupa. Neno lilishatoka.

Vrasidas alichukua shoka lake mlangoni. Halafu akasema, bila hasira, "Hilo ni suala la udongo, Garufalia." Akaenda kukata kuni. Hawakulirudia tena. Mwanamke akaliungama kwa Mungu peke yake, jikoni, juu ya unga, mara nyingi zaidi ya alivyoweza kukumbuka. Kwa padri hakulipeleka. Aliona aibu.

Mapafu ndiyo yaliyomuua Vrasidas. Katika siku za mwisho alimshika mkewe mkono akamwambia, "Nisikilize. Nikianza kuweweseka nikamwita Mungu, usimwamini huyo mtu. Siyo mimi. Na wasinitie kijiko cha komunyo mdomoni wakati siwezi kukataa." Garufalia akaahidi. Kwa mwanamke aliyeoka mkate wa komunyo maisha yake yote, ile ahadi ilikuwa kama kumeza kaa la moto. Lakini aliahidi, na padri alipokuja na kikombe alimkuta Garufalia amesimama mlangoni pa wodi, hampishi.

Padri Fotis alimzika hata hivyo. Alikunja sheria kimyakimya, kama mtu anayekunja suruali avuke maji.

Na sasa wamesimama wote juu ya shimo, na lile jambo la kimyakimya limefukuliwa.

"Ni udongo," akasema Yordanis. Huyu alikuwa mfamasia mstaafu, rafiki wa Vrasidas wa kucheza naye tavli, mchezo wa dadu, mkahawani. "Huu ni mfinyanzi mtupu, hewa haipiti. Halafu zile dawa za saratani. Na hospitali walimleta amefungwa nailoni hadi shingoni, mkamvalisha nguo juu yake, mkamzika nayo. Angalieni, si hiyo hapo? Hata mtakatifu asingeoza humo."

"Babangu alilala hapo hapo jirani," Evdoksia akasema. "Udongo huo huo. Katoka njano kama nta."

"Babako hakunywa hata aspirini."

"Hakuihitaji. Alikuwa na Mungu."

"Alikuwa na konyagi, Evdoksia. Nilikuwa namuuzia mimi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Evdoksia hakucheka. Msimwone mbaya. Vrasidas alikuwa mdogo wake, alimbeba mgongoni akiwa mtoto. Ila ufunguo wa nyumba ya mifupa ulining'inia kiunoni kwake, na wote walijua.

"Wifi," akamwambia Garufalia, akamvuta pembeni kidogo, lakini sauti yake haikujua kwenda pembeni. "Wewe ndiye ulikuwa naye chumbani. Alitubu. Sema alitubu, Baba Fotis amsomee dua ya kufunguliwa dhambi, tumlaze tena, atayeyuka. Neno moja tu."

"Na nisiposema?"

"Basi asiyetubu hawezi kukaa na wenzetu humo ndani. Wazee wa kanisa wamekwishasema. Kuna lile shimo la watengwa nje ya ukuta."

Garufalia akatazama nyumba ya mifupa. Sanduku la Malamo lilikuwa mle, rafu ya chini, upande wa dirisha, na pembeni yake palikuwa na nafasi aliyokuwa akiipangusa vumbi kila Jumamosi. Hakutaka kitu kingine duniani. Mtoto alikufa mbali na nyumbani, na alikuwa akiogopa kulala peke yake tangu mdogo. Baba yake akae naye. Basi.

Padri Fotis alikuja karibu. Alikuwa mtu mnene, mchovu, mwenye viatu vya matope. "Mama Garufalia, sikulazimishi. Nilimzika bila kuuliza, na nilikuwa radhi. Lakini sasa kijiji kizima kinatazama, na kesho askofu atapigiwa simu. Nipe kitu cha kusimamia. Hakusema chochote mwishoni? Hata jina la Bikira?"

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kwa sababu alisema.

Usiku ule wa mwisho, maumivu yalipomkamata, Vrasidas alisema, "Bikira wangu." Mara tatu. Lakini pale Petroneri nani hasemi? Mtu akijigonga kidole kwa nyundo, Bikira wangu. Timu ikikosa penalti, Bikira wangu. Vrasidas alilisema juu ya nguzo za umeme kila siku ya kazi yake, na hakuna aliyemhesabia kuwa amesali. Sasa lilikuwa sala au lilikuwa nyundo? Garufalia alikuwa amelala na swali hilo miaka mitano. Moyo wake wa imani ulitaka iwe sala. Lakini alikuwa ameahidi. Usimwamini huyo mtu, siyo mimi.

"Shemeji," Yordanis akasema, "usiwape. Wakimtia toba mdomoni leo, watakuwa wamempa kijiko kile kile alichokataa. Mwambie tu Baba: hapana, hakutubu, na huu ni udongo. Uwe jasiri kama yeye."

"Jasiri wa nini, Yordanis? Wewe utarudi mkahawani."

"Mimi namtetea."

"Unamtetea wewe, anamtetea dada yake. Mimi ndiye nimeshika beseni."

Yordanis akavua kofia. Luan akauliza bila kugeuka kama afukie au asubiri. Alikuwa Mwalbania, jina lake la Kiislamu limebaki kwenye pasipoti tu, na kazi hii alipewa kwa sababu vijana wa kijiji waliona aibu kuifanya.

"Subiri," Garufalia akasema.

Akaweka beseni chini. Akafuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. Angesema "Bikira wangu" tu, kila kitu kingekwisha, na asingekuwa amedanganya hata herufi moja. Angemkabidhi mumewe kwa watu, amefungwa vizuri kama mtu aliyerudi zizini, na yeye angeendelea kuoka mkate wake.

"Hakutubu," akasema. "Nilikuwepo. Hakumwita mtu."

Evdoksia akaziba uso.

"Lakini siyo hiyo sababu," Garufalia akaendelea. "Ni mimi. Nilimwambia asiyeyuke. Siku ya arobaini ya Malamo, jikoni kwangu, nilimlaani mume wangu kwa mdomo huu. Baba, dua yako ina mahali pa mtu aliyelaaniwa na mwingine. Naijua, nimeisikia ikisomwa. Soma hapo. Deni siyo lake."

Wanawake walianza kumtazama kama wanavyotazama mbwa aliyewahi kuuma.

"Shemeji, unajua ulichofanya?" Yordanis akasema kwa sauti ya chini. "Alipigana na upuuzi huu maisha yake yote, na wewe umemfanya ushahidi wake."

"Najua."

"Ni udongo, Garufalia."

"Inawezekana. Yeye pia aliniambia hivyo."

Yordanis akavaa kofia akaondoka, na tangu siku ile salamu yake ikawa ya kidevu tu. Padri akasoma dua, akaisoma yote, ile sehemu ya laana akaisoma mara mbili. Luan akakata nailoni kwa kisu, akaitoa, akamfukia Vrasidas tena mahali pale pale. Evdoksia alikubali, maana sheria ilikuwa imepata mkosaji wake, na mkosaji alikuwa hai na anaonekana.

Jumamosi iliyofuata Garufalia alioka kama kawaida. Mkate ulirudi mlangoni umefungwa kwa kitambaa kile kile. Padri alikuja mwenyewe kueleza, akijikuna ndevu. Akina mama hawako tayari kula mkate uliokandwa na mkono uliolaani, kwa muda tu, wapoe.

"Baba, mkono haukulaani. Ulikuwa mdomo."

"Najua, mama. Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Walisema kwani ulikuwa unakanda na nini, kama siyo na huo huo mdomo unaosali."

Hawakupoa. Mkate wa altare ukawa unatoka mjini, kwa gari la muuza magazeti, umepigwa muhuri na mashine. Garufalia aliendelea kwenda kanisani, akasimama nyuma karibu na mlango, sehemu ambayo kupitia dirisha unauona ukuta wa nje ambako watu huvuta sigara. Aliendelea kuamini. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Aliamini kwamba Mungu alimsikia jikoni, na aliamini vilevile kwamba nailoni ni nailoni, na vitu vyote viwili vilikaa kifuani mwake bila kupigana, kama yeye na Vrasidas walivyokaa. Ila hakuwa na mtu wa kumwambia. Waliokuwa na Mungu walimwona mchawi, na waliokuwa na akili walimwona msaliti.

Miaka miwili baadaye Luan alichimba tena. Safari hii Vrasidas alikuwa ameyeyuka. Mifupa ilitoka myeusi, kama imetolewa jikoni. Evdoksia akasema dua imefanya kazi ila dhambi imebaki rangi. Yordanis, aliyekuja na kusimama mbali, akasema kwa mtu wa pembeni, makusudi asikike, kwamba nailoni ilitolewa na madini ya udongo yana rangi. Wakabishana hapo, kichwa cha Vrasidas kikiwa kati yao juu ya kitambaa cheupe, na kila mmoja akaenda nyumbani ameshinda.

Garufalia aliosha peke yake. Divai haikuifanya mifupa kuwa myeupe. Alipanga sandukuni, miguu chini, fuvu juu, akabeba mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyenyoosha mkono. Evdoksia alifungua mlango, akasubiri nje na ufunguo. Sanduku likaingia pembeni ya la Malamo, likaenea.

Padri Fotis alimkuta bado amepiga magoti kwenye saruji.

"Umefika ulipotaka, mama."

"Nimefika." Akashika rafu ili ainuke, akashindwa, padri akamshika kiwiko. "Baba, zamu yangu ikifika, nami nikitoka mzima?"

"Kwa nini utoke mzima? Nani amekulaani?"

Garufalia akatazama nje kupitia mlango, pale wifi yake alipokuwa amesimama akingoja kufunga.

"Usinizike na nailoni," akasema.